Ovaraidi Haikuwa Pesa Yako

Kila kampuni ya bima ya afya hapa Marekani inapovunja mkataba na FMO fulani (shirika la kati linalosimamia mawakala na kulipwa ovaraidi, yaani fungu lake kwa kila mteja wanaomwandikisha), makundi ya WhatsApp ya mawakala wenzangu yanajaa shangwe: "Afadhali, fungu la mtu wa kati sasa linakuja kwetu!" Haliji. Naliandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu, nikaendelee na kazi.

Hesabu kwanza. Kwa Medicare Advantage ya 2026 (mipango ya Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, inayoendeshwa na kampuni binafsi), CMS, idara ya serikali inayosimamia Medicare, imeweka kikomo cha kamisheni: dola 694 kwa mteja mpya katika majimbo mengi, na dola 347 kwa kila mwaka anaoendelea kubaki. California na New Jersey mteja mpya ni 864. Connecticut, Pennsylvania na Washington DC ni 781. Hicho ndicho kikomo chako wewe uliyemwandikisha, FMO iwepo isiwepo. Ovaraidi haimo humo. Inatoka kwenye fungu la malipo ya utawala: mafunzo, programu za kulinganisha mipango, kurekodi na kukagua simu, kusaka mawakala wapya. FMO ikiondolewa, kampuni inabaki na fungu lake, nawe unabaki na 694 yako. Tena hata hiyo si ahadi. Kikomo kinasema usizidishe, hakisemi usipunguze. Mwishoni mwa 2024 baadhi ya kampuni zilitangaza msimu wa kuandikisha ukiwa umepamba moto kwamba mipango yao kadhaa hailipi tena kamisheni kwa wateja wapya, na hakuna sheria iliyovunjwa.

"Basi angalau bei itamshukia mteja." Si lazima. Sheria ya ACA (Obamacare) inaitaka kampuni itumie angalau asilimia 80 ya michango ya wateja kwa matibabu na ubora wa huduma kwenye bima za watu binafsi na vikundi vidogo, na 85 kwa vikundi vikubwa. Medicare Advantage nayo ni 85. Kamisheni na ovaraidi zinaingia kwenye kile kinachobaki. Nafasi ikipatikana humo, kampuni inaweza kuijaza kwa matangazo, mishahara au faida. Tuendelee.

Kinachonikera ni kwamba watu wanagombania ovaraidi na hawajui mkataba wao ni wa aina gani. Chukua fomu ya kodi ya 1099 ya mwaka jana, uangalie nani aliyeitoa. Kama ni kampuni ya bima yenyewe, una mkataba wako nayo, na FMO ilikuwa ngazi ya juu yako tu. Kama ni ajensi, huenda wewe ni LOA: una leseni, umeandikishwa na kampuni, lakini kamisheni umeikabidhi kwa ajensi nayo inakugawia. LOA akishangilia ajensi yake kukatwa anashangilia kukatwa kwa bomba lake mwenyewe. Wateja aliowaandikisha kwa kawaida ni wa ajensi, na zile 347 za kila mwaka zinaifuata ajensi au yeyote atakayerithi orodha yake. Wewe unaanza upya.

Mwenye mkataba wake mwenyewe ana nafuu, ila asome kipengele cha haki ya kuendelea kulipwa baada ya mkataba kuisha. Kuna mikataba inayosema utalipwa muda wote mteja akiwepo, na kuna inayosema ukiondolewa kwa "sababu", malipo yanakoma siku hiyohiyo. Soma hiyo sababu ni ipi. Na hata mwenye haki kamili, asipofanya mafunzo na mtihani wa kila mwaka, au akiwa hana leseni hai na uteuzi hai wa kampuni, kamisheni ya kuendelea inasimama. Mtihani huo wa AHIP, chama cha kampuni za bima ya afya, unataka asilimia 90. Wapo wanaosema, "Mwaka huu siuzi, sifanyi." Halafu Januari wanauliza pesa imekwenda wapi!

Sasa deni, jambo ambalo hakuna anayelitaja. Mteja wa kwanza kabisa kwenye Medicare Advantage ameanza Januari 1, umelipwa 694, Februari amehama. Akitoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kampuni inadai yote, isipokuwa kwa sababu chache kama kifo au kuhama eneo. Wateja tisa wa namna hiyo ni dola 6,246. Mkiwa na FMO, kampuni inalikata deni hilo kwenye kamisheni zako zijazo. Zisipotosha nawe umetoweka, deni linapanda ngazi hadi kwa FMO, nayo inalipa. Sehemu ya ovaraidi ilikuwa bei ya kubeba hatari hiyo. Ukiwa uso kwa uso na kampuni, hakuna wa kulipokea. Usipolipa, jina lako linaweza kuingizwa Vector One, hifadhidata ya madeni ya mawakala, na kampuni nyingine hulitazama huko kabla ya kukupa mkataba.

Je, FMO zote zilistahili zilichopewa? Hapa sina uhakika, na siwaamini sana wanaojidai wanao. Mwaka 2024 CMS ilijaribu kuyafuta malipo ya utawala, badala yake kamisheni iongezwe dola 100. FMO zikaenda mahakamani Texas, na Julai mwaka huohuo jaji akasimamisha sehemu hiyo. Zipo FMO zinazopokea simu saa mbili usiku Desemba 6 na kufuatilia fomu iliyokwama. Zipo pia zilizokutumia kiungo cha programu na kalenda ya ukutani, basi.

Ukipata barua kwamba FMO yako imekatwa, usikimbilie kusaini popote. Iulize kampuni kwa maandishi: nahamishiwa wapi, nani wakala wa kumbukumbu (anayetambuliwa na kampuni kuwa wakala wao) kwa wateja wangu wa sasa, na je, nahitaji barua ya kuachiliwa na FMO au kusubiri, maana kusubiri mara nyingi ni miezi sita, na msimu unafunguliwa Oktoba 15 na kufungwa Desemba 7. Orodha ya wateja usiipakue kabla ya kusoma mkataba unasema data ni ya nani. Lakini rekodi za simu na fomu za ridhaa ya mazungumzo ziombe mapema. Nyingi zimehifadhiwa kwenye mfumo wa FMO, na akaunti yako itafungwa pamoja na mkataba. Mteja akilalamika Machi, atakayeulizwa alichoambiwa ni wewe, si FMO.