Mchanga tele, silikoni haba

Chupa moja ndiyo iliyonivusha Mokowe, bara ya Lamu, kwa boti ya asubuhi na kunipandisha bodaboda hadi Hindi. Ami yangu wa huko (si wa damu, lakini kwetu Amu, yaani Lamu, mtu wa rika la baba utamwita nani?) alikuwa ameuziwa chupa ya mbolea ya silikoni kwenye duka la pembejeo, akainyunyizia nyanya zake, asione tofauti. Akanikalisha chini ya mwembe na kuniuliza: “Mwanangu, mchanga si ndio silikoni? Mimi nalima juu ya mchanga mtupu. Vipi naambiwa shamba langu lina njaa ya silikoni?”

Nimesomea udongo, na hilo ndilo swali ningependa kila mwanafunzi aanze nalo.

Kwanza jina. Silikoni hii si ile gundi ya fundi wa vioo. Ni elementi ya pili kwa wingi katika gamba la dunia baada ya oksijeni, takriban asilimia 28 ya uzito wake. Ikiungana na oksijeni huwa silika, neno ambalo kwetu pia ni tabia ya kuzaliwa nayo, na msomaji akichanganya hizo mbili simlaumu.

Hesabu ya ami haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba mzizi hauna meno. Hupata tu kile kilichokwisha kuyeyuka majini, na silikoni huyeyuka kama asidi ya silisiki, molekuli ndogo isiyo na chaji. Sasa punje ya kwatsi, ambayo ndiyo inayong’aa mchangani, ni silika iliyojipanga kifuwele, yaani safu kwa safu, na kushikamana barabara. Maji yakae nayo mpaka yashibe, lita nzima itabeba miligramu chache tu. Silika isiyo ya kifuwele, kama ile inayobaki majani yakioza, huyapa maji zaidi ya mara kumi ya hapo. Ndiyo maana udongo wa mfinyanzi ambao Mto Tana huumwaga kwenye delta yake, wenye madini yanayovunjika upesi, unaweza kuulisha mpunga wa Wapokomo vizuri kuliko mchanga wa Hindi unavyoyalisha mahindi.

Mpunga ndio mlafi wa silikoni. Inaweza kufikia asilimia 10 ya uzito mkavu wa mashina na majani yake, ikaipita hata naitrojeni. Mwaka 2006 Jian Feng Ma na wenzake huko Japani walieleza jeni ya mlango wa kwanza unaoingiza silikoni mzizini, Lsi1. Mwaka uliofuata wakaeleza wa pili, Lsi2. Utaratibu wake unanivutia kila nikiufikiria. Katika seli hizo hizo za mzizi, Lsi1 imekaa upande wa nje, inaipokea asidi. Lsi2 imekaa upande wa ndani, inaisukuma mbele kwa kutumia nishati. Kama boti inayopakia upande mmoja na kupakua upande wa pili. Kutoka hapo maji ya mmea huipandisha hadi majani, jua na upepo huyakausha maji, asidi inazidi kukolea na kuganda kuwa silika yenye maji ndani yake, jamii moja na jiwe la opali. Chini ya ngozi ya jani hutandikwa tabaka jembamba la kioo. Kuvu wa ugonjwa hupata taabu kulitoboa, mdudu huchakaa meno, na shina halilali ovyo upepo ukivuma. Ukikatwa kidole na jani la muwa au la mpunga, hicho ndicho kilichokukata.

Minazi nayo imo. Pembezoni mwa nyuzi zake zimepangwa punje za silika za mviringo zenye miba, ndogo mno kwa jicho. Muulize fundi yeyote wa Amu anayepasua gogo la mnazi, atakuonyesha msumeno wake ulivyokuwa butu, na lawama haziishii kwenye ugumu wa mti. Punje hizo haziozi kirahisi. Kuti likishateketea zinabaki udongoni, nyingine kwa maelfu ya miaka, na waakiolojia huzitumia kujua watu wa kale walilima nini.

Nyanya, je? Hapo ndipo ami alipokunja uso. Mizizi ya mnyanya haina msukumo wa ndani kama ule wa mpunga, kwa hiyo silikoni inayofika majani ni kidogo sana. Kuinyunyizia juu pia hakusaidii sana, maana milango iko mizizini. Mpunga, mahindi na muwa hufaidika. Tango na boga ziko katikati. Kwa nyanya, sioni kwa nini mkulima mdogo atoe pesa yake.

Kwa mahindi nina neno tofauti, hasa kisima kikiwa cha maji ya chumvi kama vilivyo vingi huku kwetu. Kwenye mpunga imeonekana kwamba silika hukaza kuta za mzizi na kuziba mianya ambamo sodiamu hupenya bila kupitia ndani ya seli. Haiondoi chumvi kisimani, inapunguza tu inayofika jani.

Nikamwambia ami anayo mbolea hiyo bure. Mabua anayompa jirani ni silikoni inayohama shambani kila msimu, ayarudishe. Akipata kumvi za mpunga ni bora zaidi, kwani karibu moja ya tano ya uzito wake ni silika. Azichome kwa moto wa polepole zibaki nyeusi. Moto mkali mno huigeuza silika kuwa fuwele, tumerudi kwenye mchanga, na vumbi lake si zuri kwa mapafu.

“Na hii chupa?” Ilikuwa nusu. Aizimue kwa maji mengi, nikamwambia, aimwage kwenye mashina ya mahindi, asiichanganye na mbolea yenye kalisi (kalsiamu) kwenye ndoo moja, itagandamana. Akaifunga kifuniko, akaiweka dirishani, akaniuliza nyanya zile sasa azifanye nini. Tukaenda kuziangalia. Zilikuwa na minyoo fundo, wale wanaoivimbisha mizizi.