Kwa nini gia iliyogoma huingia ukipampu klachi?

Madereva wa magari ya manyuo wanaijua dawa hii bila kufundishwa. Umesimama kwenye taa, klachi umeikanyaga hadi chini, gia namba moja inakataa au rivasi inasaga meno. Unapampu pedali mara mbili tatu haraka haraka, gia inaingia laini. Ni nini kilichobadilika katika sekunde hizo?

Kwenye klachi ya mafuta hakuna waya unaovutwa. Pedali inasukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya silinda ya juu. Mafuta ya breki yanapita kwenye paipu hadi silinda ya chini, ambayo kwenye pikapu nyingi za Toyota imefungwa ubavuni mwa giaboksi. Hiyo ya chini inasukuma fimbo, fimbo inasukuma uma wa klachi, uma unasukuma rilizi beringi, na presha (sahani inayoibana diski ya klachi kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini) inaiachia diski. Mafundi huziita silinda hizo apa na loa.

Kinachoshangaza ni uchache wa mafuta yanayofanya kazi yote hiyo. Chukua apa yenye kipenyo cha inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, na pistoni inayotembea milimita 30. Piga hesabu: unapata mililita 6, kijiko cha chai na kidogo juu yake. Mafuta hayabanwi kirahisi, kwa hiyo yanayosukumwa juu yote yanafika chini. Hewa inabanwa. Zikiwemo mililita 2 za hewa kwenye paipu, presha ya mafuta ikipanda zinasinyaa na kubaki tone, na karibu theluthi ya mwendo wa pedali imeishia kubana upepo. Mguu umefika chini lakini diski bado inaburuzwa na flaiwili. Gia itaingiaje?

Pedali inaporudi juu kwa kasi, pistoni ya apa inavuta mafuta ya ziada kutoka kwenye kikopo cha akiba ya mafuta, yanapenya pembeni ya raba yake. Ukikanyaga tena kabla hayajarudi, umeongeza mafuta kwenye paipu. Hewa bado imo, ila safari hii imeshabanwa, na fimbo ya loa inapata mwendo wake. Ukiiachia klachi kwa muda, mafuta yanarudi kikoponi na tatizo linarudi nayo.

Shida ni kwamba kupampu kunaficha ugonjwa mwingine pia, na hapa ndipo watu wanapobadilishiwa vifaa vizima. Raba ya ndani ya apa ikichoka, mafuta yanaivuka taratibu kurudi kikoponi hata ukiwa umekanyaga. Jaribio lake ni rahisi. Kwenye uwanja tambarare usio na watu mbele, pampu, ingiza gia ya kwanza, kisha shikilia klachi chini kama nusu dakika, mguu mwingine ukiwa tayari kwa breki. Gari likianza kutambaa lenyewe, presha ya mafuta inapotea. Mafuta hayapungui kikoponi na nje ni pakavu? Mshuku apa. Yanapungua? Inua mpira wa vumbi wa loa uone kama kumelowa, kisha papasa fimbo ya pedali na kapeti ya dereva.

Pedali laini, inayodundadunda, ndiyo dalili ya hewa. Lakini hewa haizaliwi ndani ya paipu. Ama kikopo kiliachwa kikauke, ama mfumo ulifunguliwa, ama raba fulani inanyonya upepo pedali inaporudi. Fundi anayekutolea upepo kila mwezi bila kutafuta unapoingilia anakuuzia mafuta tu.

Kabla ya kununua chochote, mtu akanyage nawe utazame loa. Fimbo ikitembea kama kitabu cha gari kinavyotaka na gia bado inasaga, achana na mafuta. Ubaya uko ndani, kwenye presha, diski au beringi. Shika pia hozi ya mpira: ikivimba mkononi pedali inapokanyagwa, imezeeka.

Kutoa upepo kwa njia ya kawaida ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipo ya loa (skrubu ndogo yenye tundu la kutolea upepo) yenye mpira mwembamba uliozama kwenye chupa ya mafuta, anafunga kabla pedali haijaachiwa. Kikopo kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya. Pedali ikibaki chini, ivute kwa mkono. Mimi naona ni afadhali kuyapandisha mafuta kutoka chini, kwa bomba la sindano lililounganishwa kwenye nipo, kwa kuwa hewa yenyewe inataka kupanda, na kuilazimisha ishuke ndiko kunakomaliza chupa nzima ya mafuta ya breki ya DOT 3. Ukifanya hivyo, punguza kwanza mafuta ya kikoponi yasije yakafurika na kula rangi ya gari. Oili ya injini usithubutu kuitia humo. Raba zote zitavimba.

Kikopo nacho usikijaze pomoni. Kwenye klachi nyingi za aina hii, diski inavyolika vidole vya presha vinasogea upande wa giaboksi na kuirudisha pistoni ya loa nyuma, kwa hiyo mafuta hupanda kidogo kidogo badala ya kushuka.