Pedali za kukliki: vile tunadanganyana na vile iko

Kuna siku nilianguka pale Kondele, Kisumu, nikiwa nimesimama kabisa, yaani baiskeli haiendi hata inchi moja. Matatu ilinikata mbele, nikashika breki, nikasahau mguu umenaswa kwa pedali, nikaenda chini upande upande polepole kama gunia limeegemezwa vibaya, na watu wa boda wote wananiangalia. Mmoja akaniinua akaniambia "omera, si uvae tu slipas kama sisi." Tangu hiyo siku kuna wale wananiambia hizi pedali ni kifo, na kuna wale wananiambia ndizo zitanifanya niwe Froome, yule bingwa wa Tour de France. Wote wanakosea, kila mtu kwa njia yake.

Jina lenyewe linachanganya watu. Wazungu wanaziita kliples, kumaanisha hazina klipu, na wewe unajiuliza sasa mguu si umeshikwa? Klipu wanayosema ni kile kikapu cha chuma chenye mkanda kilichokuwa kinashika vidole zamani. Look ya Ufaransa, watu waliokuwa wanatengeneza vishikio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, walitoa pedali yao 1984, Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France ya 1985, na kikapu kikaanza kusahaulika. Kampuni ya Shimano nao wakaleta pedali zao za SPD 1990 kwa wale wa matope na mawe. Kazi yake si ngumu: kipande cha chuma ama plastiki chini ya kiatu, ndiyo kliti, kinaingia kwa pedali yenye springi, ukipinda kisigino nje kinaachilia.

Ati ukivuta juu unapata nguvu mara mbili

Hii ndiyo inauza viatu. Unaambiwa mguu mmoja unasukuma chini na mwingine unavuta juu kwa hivyo mlima unakuwa rahisi. Mwaka wa 2007 mtafiti Korff na wenzake waliwapima waendesha baiskeli wakiwa wameambiwa wavute juu kwa makusudi, na mwili ulitumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kuendesha kwa kawaida, mguu unaopanda hauvuti sana, unajitoa tu njiani ili usimlemee mwenzake.

Na kama hutaki habari za watafiti, nenda upande mlima wa Nyang'ori kutoka Mamboleo asubuhi. Utapitwa na mzee wa baiskeli ya Black Mamba amevaa akala, amebeba kreti za soda nyuma, hata hapumui kwa nguvu. Mimi nimepitwa mara nyingi, sihesabu tena.

Sasa faida iko wapi? Mguu haurukaruki ukishuka kwa maramu yenye mawe, hautelezi mvua ikinyesha, ukisimama kwa pedali kukimbiza mtu haupotezi nafasi, na kila siku unaweka mguu mahali palepale. Hizo zinatosha kunifanya nizitumie. Kama wewe unaenda tu job na kurudi, pedali pana zenye vijino ni sawa kabisa, usidanganywe.

Ati zikikushika haziachilii

Zinaachilia. Lakini wengi wananunua, wanafunga, wanaingia barabarani bila kugusa skrubu ya springi. Kwa SPD za kawaida ni alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3, unaona alama ya kuongeza na kupunguza, na kila ukizungusha unasikia inakliki. Legeza karibu mwisho, na kama pedali inaingia pande mbili kumbuka kuna skrubu mbili, legeza zote, juu ukilegeza upande mmoja siku utaingia kwa ule mwingine ndio utajua hujui. Kisha shika ukuta nyumbani ingia utoke mara hamsini kila mguu kabla ujaribu kupita raundabauti. Kwa anayeanza kuna kliti SH56, inaachilia ukipinda ama hata ukivuta mguu kwa nguvu kuelekea pande zaidi ya moja. Ile ya kawaida, SH51, inataka upinde kisigino kando peke yake.

Ninachoogopa mimi ni bolti. Kuna siku napanda hiyo Nyang'ori, nimekaribia Kiboswa, nikataka kushuka ninunue ndizi. Napinda kisigino, kiatu kinazunguka vizuri, lakini pedali haisikii. Napinda tena, kinazunguka tena. Kumbe bolti moja ya kliti ilishatoka njiani, imebaki moja, kwa hivyo kiatu kinazunguka kwa hiyo moja na kliti imekaa palepale imeng'ang'ana. Nikashika mlingoti wa kibanda, mama wa ndizi akaniuliza "pole mwanangu, umekwama?" nikamwambia ndiyo mama, nimekwama. Dawa ni moja tu: fungua kiatu utoe mguu. Nikatembea na soksi kwa vumbi, kiatu kinaning'inia kwa pedali kama kuku amefungwa kwa baiskeli ya kwenda soko. Nikalegeza springi na alenki, nikakandamiza kiatu kwa mikono miwili huku nakipinda, mpaka kikaachilia. Ndizi nilipewa moja ya bure, sijui ni huruma ama kicheko.

Bolti za kliti zinatumia alenki ya 4. Zitoe, zipake grisi kidogo kwa nyuzi, zirudishe na uzikaze, Shimano wanasema nguvu ya kukaza iwe Nm 5 hadi 6, na kama huna spana ya kupima hiyo kaza imara lakini usitumie bomba kuongeza urefu wa alenki. Endesha siku moja kisha rudi ukaze tena, juu kliti mpya huwa inajikalia kwa soli na bolti inalegea. Mimi sikurudia kukaza, ndio maana.

Vile vishimo vya bolti vikijaa mchanga, alenki haiingii vizuri, unakula kona za bolti na hapo umejitafutia msumeno. Nimeanza kuziba na nta ya mshumaa. Siku ya kufungua naitoa na sindano, chini kuko safi kama mpya.

Ati kliti ni kliti, chukua yoyote

Ukienda kutafuta viatu vya mitumba soko la Kibuye Jumapili, geuza kiatu kabla uulize bei. Tundu mbili katikati zinazosonga ni za SPD na za kampuni ya Crankbrothers, tundu tatu za pembetatu ni za pedali za barabarani kama SPD-SL na Look. Tundu tatu zinapokea hizo zote mbili kwa kiatu, lakini kliti ya Look Keo haishiki pedali ya Shimano vile inafaa, kwa hivyo usiambiwe ni kitu kimoja.

Halafu rangi ya kliti, inayoonyesha kisigino kinacheza kiasi gani kabla kliti iachilie. Hapa kuna mtego. Kwa Shimano SPD-SL nyekundu haichezi kabisa, digrii 0, bluu inacheza 2, njano 6. Kwa Look Keo nyeusi ndiyo 0, kijivu 4.5, na nyekundu ndiyo inacheza zaidi ya zote, 9. Jamaa yangu wa Manyatta alitoka Look akaenda Shimano akachukua nyekundu juu alizoea nyekundu, akalia goti mwezi mzima, akalaumu siti, akalaumu umri. Ilikuwa rangi. Kama huna sababu ya kufunga kisigino, acha kicheze.

Kwa barabara zetu ningechukua za tundu mbili bila kufikiria sana. Kliti inajificha ndani ya soli, unatembea kama mtu. Zile za plastiki za barabarani ukisukuma baiskeli kwa maramu nusu kilomita tu umezila. Na ukienda Ahero hadi ndani ya mashamba ya mchele wakati wa mvua, ule udongo mweusi unashika kila kitu, hapo Crankbrothers wanasaidia juu pedali yao ile ya kama mwiko wa kukoroga mayai inaingia pande nne na matope yanapita. Ila kliti zao ni za shaba, laini, zinakwisha haraka, na springi hakuna kurekebisha.

Ati oili nyingi ndio matunzo

Fundi wengi wana kopo la oili chafu ya gari na brashi, na wanapaka cheni, pedali, hata wewe ukisimama karibu. Vumbi la maramu likikutana na hiyo oili unapata msasa. Piga mswaki wa zamani kwanza, toa mchanga kwa springi, pangusa, weka tone moja la oili nyepesi ya cheni pale springi inazungukia na pale kliti inagusa, pangusa tena. Na usipeleke kwa mashine ya presha ya kuosha magari, yale maji yanapita sili yanaingia kwa beringi.

Ati kliti inadumu kama kiatu

Haidumu. Ni kama pedi za breki. Ikianza kuachilia mwenyewe ukikaza mlima, ama kuingia inakuwa kubahatisha, usikimbilie kukaza springi, angalia kliti kwanza kama imelika mbele. Kabla ya kutoa ya zamani chora kuizunguka kwa biro kwenye soli, mpya iingie palepale, la sivyo goti litakuambia. Kama unaanza bila alama, mfupa ule mnene nyuma ya kidole gumba ukae juu ya ekseli ya pedali ama mbele yake kidogo.

Ukija kwa pedali yenyewe, ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, hiyo nayo inaua kranki, ule mkono unaoshika pedali, kila wiki. Angalia herufi L na R. Njia ya kukumbuka: spana ikiwa juu, kufungua ni kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Weka grisi kwa nyuzi na uanze kwa vidole. Ikikataa kwa vidole acha, usimruhusu fundi aongeze bomba.

Na kuna ile ya kuzungusha pedali kwa mkono dukani, ikizunguka mara ishirini unaambiwa ni kali. Pedali yenye grisi ya kutosha mara nyingi inazunguka kidogo inasimama. Inayozunguka kama feni huenda grisi imeisha. Ishike na uitikise kushoto kulia: ikigonga gonga, beringi imelegea ama imekufa, na hiyo ndiyo ya kuulizia bei ya chini.