Biashara Iliyo Ndani ya Nyumba na Bima Iliyokatwa kwa Ajili ya Makazi

Katika kazi yangu ya kushughulikia madai ya bima hapa Dar es Salaam, ninakutana mara kwa mara na watu wanaooka keki, kushona nguo au kuuza vitenge na vipodozi nyumbani kwao, wakiamini kwamba kwa kuwa nyumba imekatiwa bima, basi na biashara iliyomo imekingwa. Mara nyingi sivyo. Bima ya makazi hupangiwa ada kwa kuzingatia hatari za familia inayopika, kulala na kupokea wageni. Yanapoingia majiko ya gesi yanayowaka tangu alfajiri, au chumba kizima kikajazwa majora ya vitambaa, hatari imebadilika, na kampuni haikukubali kuibeba hiyo mpya.

Mkataba wa bima husimama juu ya kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, inayomtaka mkata bima aeleze kila jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi wa kampuni wa kumpokea au kumpangia ada. Anayenyamaza anaweza kukataliwa dai lote, pamoja na vitanda na makabati ambayo hayahusiani kabisa na biashara yake. Hili huniuma kuliko mengine yote, kwa sababu barua moja kwa wakala au dalali wa bima ingetosha kulizuia. Ninasisitiza barua, na majibu ya kampuni yaambatishwe kwenye hati ya bima, kwa sababu mazungumzo ya simu ni vigumu kuyathibitisha siku ya dai.

Baada ya kuitaarifu kampuni, litazame suala la thamani. Bidhaa, malighafi na mashine za biashara zinahitaji kutajwa zenyewe na kuwekewa kiasi chake. Wapo wanaotaja kiasi kidogo ili ada ipungue, bila kujua kwamba hati nyingi zina sharti la uwiano. Tuseme mali yako ina thamani ya shilingi milioni 12, nawe umeikatia bima ya milioni 6 tu. Moto ukiunguza mali ya milioni 4, kampuni itahesabu kwamba ulijikinga nusu, hivyo italipa milioni 2, na hapo bado haijakata kiasi ambacho hati inakutaka ujibebee mwenyewe. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake huongezeka kuelekea Idi au Krismasi anapaswa kukadiria kwa kuangalia wakati ghala lake limejaa. Stakabadhi za manunuzi na picha za mali azitunze pia mahali pengine nje ya nyumba hiyo.

Mpangaji asitegemee bima ya mwenye nyumba, ambayo kwa kawaida hukinga jengo tu.

Soma pia sharti la wizi. Hati nyingi hulipa pale tu panapokuwa na alama za kuvunja mlango au dirisha, ilhali nyumba inayopokea wateja huwa wazi mchana kutwa, na kitu kinaweza kuchukuliwa bila kitasa kuguswa. Hitilafu ya umeme iliyounguza friji ya biashara nayo inaweza kuwa nje ya kinga mpaka iongezwe kwa makubaliano.

Kwa anayeuza chakula, ningetanguliza bima ya dhima, yaani inayolipa madai ya watu wengine waliodhurika kwa sababu ya biashara yako. Mteja akiteleza kibarazani, au wageni wa harusi wakiugua kwa chakula ulichowapelekea, madai yao yanaweza kuzidi thamani ya vyombo vyako vyote. Dhima ya majeraha ya mteja na dhima ya bidhaa hutenganishwa katika hati nyingi, kwa hiyo uliza kila moja kwa jina lake. Ukiwa umeajiri msaidizi, hata mmoja, sheria ya Tanzania inakutaka ujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kuuchangia.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uzilinganishe na kifungu kilichotajwa. Usiporidhika, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mwananchi anaweza kumpelekea malalamiko yake.