Je, wajua? Watoto weusi wa shule za mchanganyiko ndio waliokataa zaidi mdoli wa kahawia

Hadithi ya jaribio la midoli inayozunguka kwenye simu ni fupi. Mtoto mweusi anawekewa midoli miwili mezani, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia. Anaulizwa upi mzuri, anaonyesha mweupe. Anaulizwa upi mbaya, anaonyesha wa kahawia. Kisha msimulizi anamalizia: kwa jaribio hili mwanasaikolojia Kenneth Clark alithibitisha kwamba shule za kutenganisha weusi na Wazungu ziliwaumiza watoto, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikazipiga marufuku mwaka 1954.

Karibu kila kipande cha hadithi hiyo kina kasoro. Utafiti haukuanzia kwa Kenneth. Midoli haikuwa miwili. Mahakama haikuinukuu makala yenyewe ya midoli. Na kubwa kuliko yote, watoto weusi waliosoma darasa moja na Wazungu ndio walioutaja mdoli wa kahawia kuwa mbaya kwa wingi zaidi, kuliko wenzao wa shule za weusi peke yao. Kama utengano wa shule ndio uliokuwa chanzo, mtu angetarajia kinyume chake. Ilikuwaje?

Mwenye wazo la awali ni Mamie Phipps, binti wa daktari, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Hot Springs, Arkansas. Aliingia Chuo Kikuu cha Howard kusoma hesabu, akahamia saikolojia, na tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1939 ilichunguza jinsi watoto weusi wa chekechea wanavyoanza kujitambua. Hapo alitumia picha za kuchora. Midoli ilikuja baadaye. Kenneth Clark, mumewe, alikiri uzeeni kwamba kazi ile ilikuwa ya Mamie na yeye aliidandia tu. Shahada ya uzamivu Mamie aliipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943, chini ya usimamizi wa profesa Henry Garrett. Mwaka 1952 Garrett huyo huyo alipanda kizimbani Virginia kutoa ushahidi wa kutetea shule za utengano, na mmoja wa walioitwa kumjibu akawa mwanafunzi wake wa zamani, Mamie.

Sasa jaribio lenyewe. Makala iliyochapishwa mwaka 1947 ilihusu watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7: 134 wa miji ya Arkansas, walikosoma shule za weusi peke yao, na 119 wa Springfield, Massachusetts, kwenye shule za mchanganyiko. Midoli ilikuwa minne, miwili ya kahawia yenye nywele nyeusi na miwili myeupe yenye nywele za njano. Yote ilivishwa nepi tu, na kichwa, mikono na miguu vikakaa mkao mmoja, ili tofauti ibaki ya rangi. Nusu ya watoto waliiona imepangwa kuanzia mweupe, nusu kuanzia wa kahawia, kwa kuwa kuna watoto ambao huchukua tu kilicho mwanzo wa mstari.

Kila mtoto aliambiwa mambo manane, moja baada ya jingine. Nipe mdoli unaopenda kuchezea. Nipe mdoli mzuri. Nipe unaoonekana mbaya. Nipe wenye rangi nzuri. Kisha yakaja matatu ya kupima kama mtoto anatambua rangi za watu: nipe unaofanana na mtoto wa Kizungu, na mengine mawili ya kuchagua unaofanana na mtoto mweusi, kwa majina mawili yaliyotumika zama hizo. La mwisho lilikuwa zito: nipe mdoli unaofanana na wewe.

Mpangilio huo haukutokea hivi hivi, na hapa ndipo wengi wanaoiga jaribio wanapoharibu. Katika majaribio ya awali akina Clark waliona kwamba mtoto akishasema "mimi nafanana na huu wa kahawia", baada ya hapo huusifia mdoli huo huo. Mkabidhi mtoto kikombe kimoja kati ya viwili, umwambie "hiki ni chako", halafu muulize kipi kizuri: atakitaja cha kwake, hata kama dakika moja nyuma macho yalikuwa kwenye kile kingine. Hapo hujapima tena anachokipenda. Umepima jinsi anavyokilinda kilicho chake. Geuza mpangilio, uulize kwanza kikombe kizuri ni kipi na umkabidhi baadaye, na jibu la kwanza halitakuwa limeguswa na umiliki. Ndiyo maana maswali ya kupenda yalitangulia na la kujitambua likawekwa mwisho. Gharama yake ni kwamba mtoto ambaye ameshaukataa mdoli wa kahawia mara tatu nne anafika kwenye swali la mwisho akiwa amenaswa na majibu yake mwenyewe. Baadhi walilia. Wawili walikimbia nje ya chumba na hawakubembelezeka.

Kwa watoto wote pamoja, asilimia 67 walichagua mdoli mweupe wa kuchezea, na asilimia 59 waliutaja wa kahawia kuwa ndio unaoonekana mbaya. Kwa watoto 253 pengo la namna hii haliwezi kusingiziwa bahati. Kwenye swali la "unaofanana na wewe", asilimia 66 walichagua wa kahawia na 33 mweupe.

Hiyo 33 imesomwa vibaya mno. Inasimuliwa kana kwamba theluthi ya watoto walijikana. Ukiwagawa kwa weupe au weusi wa ngozi, picha inabadilika: kati ya waliokuwa na ngozi nyeupe kabisa, asilimia 20 tu walichagua wa kahawia; kwa wenye ngozi ya kati ni 73; kwa weusi zaidi ni 81. Mezani hapakuwa na mdoli wa maji ya kunde. Mtoto mwenye ngozi inayokaribia ya Mzungu, akiulizwa nani anafanana naye, akaonyesha mdoli mweupe, ametumia macho yake vizuri tu. Umri nao ulikuwa na lake: waliochagua wa kahawia walikuwa asilimia 36 kwa watoto wa miaka 3, na 87 kwa wa miaka 7. Katikati takwimu zinapanda na kushuka, na wa miaka 5 wako chini ya wa miaka 4, jambo ambalo halina maelezo ya kuridhisha.

Turudi kwenye fumbo. Mdoli wa kahawia ulitajwa kuwa mbaya na asilimia 49 ya watoto wa Kusini, yaani Arkansas, na asilimia 71 ya watoto wa Kaskazini, yaani Springfield. Kwa makundi ya ukubwa ule, pengo la 22 ni kubwa mno kuwa la bahati. Kwenye mdoli wa kuchezea, mweupe ulipata 62 Kusini na 72 Kaskazini. Hilo la pili lisitiliwe mkazo, maana pengo la 10 linaweza kutokea bila sababu yoyote. Ila mwelekeo ni mmoja.

Maelezo ya akina Clark yalikuwa haya: watoto wa Kusini walikuwa wameshaizoea hali yao, wanajibu kwa utulivu au kicheko, ilhali wa Kaskazini walikuwa ndani ya mgogoro, wanajitetea. Kweli, machozi na ukaidi vilionekana zaidi Kaskazini, na baadhi ya watoto wa huko walidai wamekuwa weusi kwa sababu ya jua la kiangazi. Kenneth alishikilia kwamba utulivu wa Kusini usidhaniwe kuwa afya; ni mtoto aliyekwishakubali kwamba yeye ni wa chini. Inawezekana. Lakini hoja ya aina hii ina ugonjwa wake: mtoto akiukataa mdoli ameumizwa na ubaguzi, asipoukataa ameumizwa zaidi. Hakuna jibu ambalo lingeipinga.

Maelezo mengine yanaanzia kwenye swali la mtoto anajilinganisha na nani. Mtoto mweusi wa Arkansas mwaka 1940 alikuwa na mwalimu mweusi, wanafunzi wenzake weusi, na kanisani kwake waumini weusi. Wa Springfield alikaa kila siku kati ya watoto wa Kizungu na kusikia maneno yao kuhusu rangi yake ana kwa ana. Morris Rosenberg na Roberta Simmons, waliopima watoto wa shule wa Baltimore na kuchapisha mwaka 1971, walikuta kwamba kwa jumla watoto weusi hawakujithamini chini ya Wazungu, ila waliokuwa wachache ndani ya shule zenye Wazungu wengi walijithamini kidogo chini ya weusi wenzao wa shule za weusi. Inaendana na matokeo ya midoli. Haithibitishi, kwa sababu Arkansas na Springfield zilitofautiana kwa mengi zaidi ya shule: kipato, mitaa, hata mazoea ya mtoto kumjibu mtu mzima asiyemjua. Utafiti wa 1947 haukuweza kuyatenganisha hayo, na wala haukuwahoji watoto wa Kizungu ili tujue wao wangechagua nini.

Mwaka 1951 mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi kilichokuwa kikizipinga shule za utengano mahakamani, walimpeleka Kenneth katika kaunti ya Clarendon, Carolina Kusini, kuwapima watoto wa eneo la kesi yenyewe. Aliwapima 16. Kumi walipendelea mdoli mweupe, na 11 walisema wa kahawia unaonekana mbaya. Chukua shilingi, uirushe mara 16: kichwa kutokea mara 10 au zaidi ni jambo la takriban mara 23 kwa kila raundi 100. Kwa mahakama ushahidi ule ulikuwa na mguso. Kwa takwimu ulikuwa hafifu. John W. Davis, wakili wa upande wa Carolina Kusini, aliliona pia pengo la Kaskazini na Kusini na akalitumia kumpiga Clark kwa takwimu zake mwenyewe.

Hata hivyo, hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954, ile iliyozipiga marufuku shule za utengano, haikusimama juu ya meza ya midoli. Tanbihi ya 11, maarufu kuliko tanbihi nyingi za sheria, inaanza na ripoti ya Kenneth ya mwaka 1950 kuhusu athari za ubaguzi kwa makuzi ya watoto, iliyoandikwa kwa ajili ya mkutano wa Ikulu ya Marekani. Makala ya 1947 haimo. Mwaka uliofuata profesa wa sheria Edmond Cahn, ambaye aliikubali hukumu, alionya kwamba haki za raia zisitundikwe kwenye ushahidi mwembamba hivyo. Alikuwa sahihi: sheria ya kumtenga mtoto kwa rangi ni dhuluma hata akiupenda mdoli wake.

Ukosoaji mkali zaidi ulitoka kwa wanasaikolojia weusi wenyewe. Curtis Banks, mwaka 1976, alipitia tafiti nyingi za aina hii na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya matokeo yaliyoitwa "kupenda weupe" hayakutofautiana na kubahatisha. William Cross naye alitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikichanganywa: mtoto anavyojithamini yeye binafsi, na anavyolichukulia kundi lake. Mdoli, ukipima kitu, unapima hicho cha pili. Mtoto anaweza kujua vizuri jamii inathamini rangi gani na bado akajiona yeye ni hodari.

Ndiyo maana zile video za simu zina thamani ndogo. Midoli ni miwili, haibadilishwi nafasi, kamera iko usoni mwa mtoto, mtu mzima anasubiri jibu, na aliyesema "yote sawa" hukatwa wakati wa kuhariri. Ukitaka kurudia jaribio kwa heshima, ongeza mdoli wa rangi ya kati, ruhusu jibu la "wowote", badilisha nafasi, linda mpangilio wa maswali, na andika pia majibu yasiyosisimua.

Mamie mwenyewe hakukaa sana kwenye midoli. Mwaka 1946 alifungua Northside, kituo cha kuwasaidia watoto kisaikolojia, kwenye chumba cha chini cha majengo ya Dunbar, mtaa wa Harlem, New York, kwa mkopo wa dola 946 kutoka kwa baba yake. Wazazi walileta watoto ambao shule ziliwaandika kuwa na upungufu wa akili na kuwapeleka madarasa maalumu. Wataalamu wa Northside waliwapima upya na kukuta wengi wako juu ya kiwango kilichoruhusu kuwapeleka huko. Kwa majibu hayo mzazi alikuwa na karatasi ya kurudi nayo shuleni, na mtoto akaanza masomo ya ziada ya kusoma na hesabu. Wafadhili walipotaka kituo kijikite kwenye uchambuzi wa nafsi wa mtindo wa Freud, Mamie na Kenneth walikataa, kwa hoja kwamba mtoto asiyejua kusoma anahitaji kwanza kufundishwa kusoma. Mamie alikiongoza kituo hicho hadi mwaka 1979, na kingali kikihudumia watoto wa Harlem.