Watu wa Paris ya Marville wako wapi?

Kila nikionyesha picha za Charles Marville, swali huwa moja: mbona hakuna watu? Vichochoro vimelowa, vibao vya maduka vinasomeka, milango iko wazi, lakini mtaa mtupu.

Watu walikuwepo. Marville, aliyefanywa mpiga picha wa jiji la Paris mwaka 1862, alitumia vioo vya kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata. Kioo kilipakwa dawa, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, kemikali iliyokifanya kishike mwanga, kikapigiwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi; kikikauka, kazi imeharibika. Dawa yenyewe ilikuwa nzito kushika mwanga. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa, hivyo aliyekuwa akitembea aliyeyuka au akaacha ukungu. Aliyeegemea mlango akatulia, huyo utamwona. Dawa hiyo pia ilishika rangi ya buluu kupita kiasi, ndiyo maana anga ni jeupe tupu.

Mimi hupiga picha za majengo, na ninachokisifu zaidi hapa ni kuta zilizosimama wima. Ukiielekeza kamera juu ili upate paa, jengo huonekana linaanguka kinyumenyume. Kamera za aina ile zilikuwa na ubao wa lenzi unaopandishwa peke yake, kioo kikibaki wima nyuma, kwa hiyo paa liliingia na ukuta haukulala. Tena picha ilichapwa kwa kulaza kioo juu ya karatasi yenye ute wa mayai, juani, bila kukuzwa. Ndiyo maana hata matangazo ya ukutani unaweza kuyasoma.

Mara nyingi mawe ya barabara na mfereji wa maji machafu katikati yake vimejaza sehemu yote ya chini. Wengi huvitazama kama urembo. Mimi naviona kama ushahidi, kwa sababu uchafu ulikuwa miongoni mwa hoja za Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine, uliojumuisha Paris, kuanzia 1853 hadi 1870, za kubomoa mitaa hiyo. Jiji lenyewe ndilo lililoagiza picha hizo, zaidi ya 400, kabla nyumba hazijavunjwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomwita Marville mwombolezaji wa Paris ya kale. Kwa uangalifu uleule alizipiga picha taa mpya za gesi, nguzo moja baada ya nyingine, na barabara pana zilizokata mitaa ileile ya zamani. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya 1878, jiji liliziweka picha zake za mitaa ya zamani pamoja na za mitaa mipya.