Sista, tunaruhusiwa na mtoto hajapona? Maswali kwa muuguzi mratibu wa watoto wenye saratani

Ninafanya kazi ya uratibu kwenye kliniki ya watoto wenye saratani katika hospitali moja ya rufaa Tanzania. Maswali haya yameulizwa pale benchi, mengine kwa simu usiku wa manane. Nimeyaandika karibu kama yalivyoulizwa, majina nimeyaacha.

Sista, wanaturuhusu twende nyumbani na mtoto hajapona. Ndiyo kusema wameshindwa?

Hapana mama. Hili ndilo la kwanza kuulizwa, na ndilo linaloliza watu bure. Saratani ya damu aina ya ALL, ambayo kwa jumla duniani ndiyo inayoongoza kwa watoto, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Wiki za mwanzo mtoto hukaa wodini kwa sababu kemo, yaani dawa za kuua saratani, ni kali na huenda akahitaji kuongezewa damu. Baadaye sehemu kubwa ya matibabu huwa ni vidonge vya nyumbani pamoja na kuja kliniki kwa tarehe. Lymphoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu, ile inayovimbisha taya na ambayo Dk. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda, ni tofauti: matibabu yake ni ya miezi michache, kwa mizunguko, na mtoto anaweza kupumzika nyumbani kati ya mzunguko na mzunguko akiwa na hali nzuri.

Kuruhusiwa ni hatua ya matibabu. Tena wodi nayo ina vijidudu vyake, na mtoto asiye na kinga hana sababu ya kuendelea kulala navyo.

Wewe ni nesi kama wale wa wodini. Kwa nini tuambiwe lazima tukuone wewe?

Nesi wa wodi ana mtoto mbele ya macho yake. Mimi kazi yangu kubwa ni watoto nisiowaona: yuko Kilosa, yuko Masasi, yuko Mbagala kwa shangazi yake. Mezani nina daftari kubwa la tarehe, na hilo daftari ndilo bosi wangu.

Siku ya kliniki huanza kabla jua halijawa kali. Watoto wanatolewa damu mapema ili majibu ya maabara yawahi. Nikiyapata natazama mambo matatu: wekundu wa damu, chembe sahani zinazozuia kutokwa damu, na neutrofili, yaani wale askari weupe wanaopambana na bakteria. Neutrofili zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, namwita daktari, na mara nyingi kemo inasogezwa wiki moja. Mama aliyesafiri usiku kucha halafu akaambiwa rudi wiki ijayo hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini kumpa mtoto dawa siku hiyo ni kumvua ngao wakati wa vita.

Hapo bado sijagusa mengine. Nahakikisha mfamasia ana dawa ya mtoto kabla mtoto hajafika. Kama ni mionzi, nawasiliana na wenzangu wa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Kama ni upasuaji, nafuatilia tarehe ya chumba cha upasuaji isiangukie wiki ambayo damu iko chini. Namtafuta afisa ustawi wa jamii kwa ajili ya nauli au mahali pa kulala. Naandika barua ya shule. Saa tisa alasiri nakaa na daftari, naangalia nani alitakiwa kufika leo na hakufika, kisha naanza kupiga simu.

Mbona kila tukija mnampima uzito na urefu? Wiki mbili zilizopita si mlimpima?

Dozi nyingi za kemo hukokotolewa kutokana na uzito na urefu. Akipungua au akirefuka, hesabu inabadilika. Mkono nao tunaupima kwa ule mkanda wa rangi, kwa sababu mtoto mwenye uvimbe mkubwa tumboni anaweza kuonekana ana kilo nzuri kumbe mikono imebaki mifupa. Kilo zile ni za uvimbe.

Homa imeanza saa nane usiku. Nimpe Panadol tusubiri kukuche?

Msisubiri kukuche. Kama kuna jibu moja la kubandika ukutani, bandika hili.

Takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kemo, neutrofili huwa zimeshuka sana. Bakteria wakiingia kwenye damu wakati huo hawana wa kuwazuia, na mtoto anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Pima joto kwapani. Likifika nyuzi 38, safari imeanza. Panadol usimpe kabla ya kupima: inashusha namba kwenye kipimajoto na kuwaacha bakteria pale pale, halafu wewe unalala ukidhani amepona.

Nendeni hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kumwekea kanula na kumchoma dawa ya mshipa, hata kama si kwetu. Onyesheni ile kadi niliyowapa, kabla ya kukaa foleni. Kadi inasema huyu yuko kwenye kemo, na kwamba antibayotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja tangu afike. Mimi nipigieni mkiwa njiani. Msikae nyumbani mkinisubiri nipokee.

Sasa kuna mtego wa kwetu huku, malaria. Mtoto anapimwa, kipimo kinasoma malaria ipo, anapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Malaria inaweza kuwepo kweli, na bakteria wakawepo pia. Mtoto wa kemo mwenye homa hutibiwa malaria ikionekana, na antibayotiki anapewa vilevile. Ukiona wanataka kukurudisha, niweke kwenye simu niongee nao. Sitamgombeza mtu, maana mtoto wa aina hii wengi wao hawampokei mara kwa mara.

Wakumbushe pia: asichomwe sindano ya msuli, asiwekewe dawa wala kipimajoto njia ya haja kubwa, asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Chembe sahani zikiwa chache, sindano ya tako hugeuka jipu la damu.

Na kama hana homa lakini amelegea, mikono baridi, anapumua haraka, hataki hata kuangaliwa? Hiyo nayo ni ya kwenda sasa hivi. Mwili uliochoka sana wakati mwingine haupandishi joto.

Baba mmoja alianza simu kwa kuniomba radhi kwa kuniamsha, akaendelea kuomba radhi karibu dakika nzima. Ilibidi nimkatize: baba, nyuzi ngapi?

Vidonge vya nyumbani tunachanganyikiwa. Kipi cha kila siku?

Afadhali umeuliza. Kwa mtoto wa ALL aliye kwenye hatua ndefu ya mwisho, merkaptopurini ni ya kila siku, muda ule ule, wengi wetu tunashauri jioni. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Mara moja. Vyote viwili mara nyingi huwa na rangi ya manjano, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Methotreksati ikimezwa kila siku, mdomo unachanika vidonda, uboho unaacha kutengeneza damu, na mtoto anaweza kufa kwa dawa iliyokuwa ya kumponya.

Mimi huwa nachagua siku pamoja na mama, siku ambayo haiwezi kusahaulika nyumbani kwake. Kuna nyumba ni Ijumaa baada ya swala, kuna nyumba ni Jumapili wakitoka kanisani. Naiandika kwenye pakiti kwa kalamu nyekundu. Anayebaki na mtoto, bibi au dada wa kazi, naye aambiwe.

Septrin anayopewa kwa siku maalumu si ya kikohozi, ni kinga dhidi ya nimonia ya aina fulani inayowavamia wenye kinga ndogo, kwa hiyo usiikate kwa sababu hakohoi. Usimwongezee vidonge vya kuongeza damu kutoka duka la dawa bila kuniuliza: vingi vina asidi ya foliki, na methotreksati hufanya kazi kwa kuizuia hiyo hiyo. SP za malaria nazo, usimpe.

Akitapika ndani ya nusu saa, au ukisahau dozi, piga simu kwanza. Usirudie kwa kukisia wala usimpe mbili kesho yake. Kama mama ni mjamzito, avae glavu au mtu mwingine ashike hivyo vidonge, na visitwangwe jikoni.

Wadogo zake wanakula naye sahani moja. Watapata?

Hawatapata. Saratani haiambukizi. Wao ndio wanaweza kumwambukiza yeye mafua, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni, na chakula kiwe cha moto, si kiporo. Tunda la kumenya ni salama kuliko la kung'ata na ganda.

Nesi wa kijijini anasema amepitwa na chanjo.

Mwambie imesimamishwa na sisi. Akiwa kwenye kemo hapewi chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na rubella au ya polio ya matone. Wadogo zake wakifikia chanjo ya matone, nijulisheni kwanza. Na siku mtoto wa jirani atakapotokewa na tetekuwanga au surua na wamecheza pamoja, nipigie siku hiyo hiyo. Kuna dawa ya kumkinga, ila saa zinahesabika. Vipele vikishatoka tumechelewa.

Mama mkwe ana dawa ya mizizi. Nikikataa nyumba inawaka moto.

Najua. Sitakuambia mkwe wako mjinga, maana anamtakia mjukuu wake uzima. Nitakuambia kwamba ini la mtoto linachakata methotreksati na merkaptopurini, na likipewa mizizi tusiyoijua juu yake, majibu ya ini yakivurugika hatutajua nani amelivuruga, na kemo itabidi isimame. Njoo naye kliniki. Mara nyingi bibi akionyeshwa majibu ya damu mwenyewe, akaulizwa shida zake kwa heshima, anakuwa ndiye mlinzi mkali wa vidonge. Chale zikataliwe kabisa, wembe na damu isiyoganda haviendi pamoja.

Nauli imekwisha. Tukiacha kwa miezi miwili tu, tukavuna kwanza?

Hili linanikosesha usingizi kuliko homa. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona. Kwenye nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Pengo hilo halitokani na dawa za ajabu tu. Watoto wetu wanafika wamechelewa, na wengine wanaacha katikati. Uvimbe ukishapungua, mtoto anacheza mpira, familia inaona amepona, kumbe seli zilizobaki zinasubiri, na zikirudi huwa zimeshaizoea dawa.

Kwa hiyo niambie nauli imekwisha ikiwa bado haijaisha. Muhimbili kuna shirika la Tumaini la Maisha linalosaidia matibabu ya watoto hawa. Kwa wa Kanda ya Ziwa kuna hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa wa Kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi; mara nyingine tunaweza kupanga sehemu ya matibabu ifanyike karibu na kwenu. Na ukikosa tarehe mara moja, usione aibu ukakosa na ya pili. Sina fimbo mezani.

Mwalimu anasema asirudi shule mpaka nywele ziote.

Nywele hazifundishwi. Damu ikiruhusu, anarudi. Barua nitaandika mimi, pamoja na namba yangu ili mwalimu mkuu anipigie kukiwa na tetekuwanga darasani.

Tulimaliza dawa mwaka jana. Bado tunakuhusu?

Bado. Miaka ya mwanzo tunaangalia isirudi. Baadaye tunaangalia alama za dawa zenyewe. Doksorubisini, ile nyekundu inayofanya mkojo uwe mwekundu, inaweza kuudhoofisha moyo hata baada ya miaka, kwa hiyo moyo upigwe picha kila daktari atakaposema. Siku ya kumaliza nilikupa karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa zote na jumla ya dozi ya doksorubisini. Iweke kwenye plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku binti atakapokuwa mjamzito, au kijana atakapoenda kupimwa afya kwa ajili ya kazi, daktari wao ataihitaji. Kama imeshapotea, njoo siku ya kliniki, nakala ipo kwenye faili.